Jibini ya Mei Mosi

Marinette Chavassieux alikuwa na dada mmoja tu duniani, na dada huyo alikuwa na goti bovu, ulimi usiolala, na ukaidi wa kuja Lyon kila mwaka Mei Mosi, siku ambayo jiji zima limejifungia. Treni za chini ya ardhi hazitembei. Mabasi hayatembei. Makumbusho yamefungwa, na muuza mkate anafungua shingo upande, anauza alichooka, kisha anashusha mlango wa chuma wewe ukiwa bado unachagua. Lucette aliyajua yote hayo na bado alikuja, kwa treni ya asubuhi kutoka Roanne, kikapu mkononi. Alisema siku nyingine Lyon imejaa watu wanaokimbilia kazini, na yeye hakuacha kitanda chake ili aje kutazama visigino vya watu.

Basi wakashuka taratibu mlima wa Croix-Rousse alikoishi Marinette, naye akimshika dada yake mkono penye ngazi. Walipita katika vile vichochoro vinavyotoboa majumba, unaingilia mlango wa mtaa huu unatokea mtaa wa chini, njia walizopita wafumaji wa hariri wa zamani na majora mabegani ili mvua isiwaharibie kazi. Katika ua wa jumba moja Lucette alisimama kupumzisha goti, akainua macho kutazama ngazi za mawe zilivyojizungusha hadi juu, akasema watu waliojenga uzuri wote ule na wakasahau kuweka lifti walikuwa wachoyo. Marinette akacheka hadi akajifuta macho. Utani wenyewe haukuwa wa kuchekesha kiasi hicho, ila asubuhi hiyo alikuwa anacheka kwa kila kitu.

Maua yalikuwa yanauzwa kila kona. Mei Mosi yeyote ana ruhusa ya kusimama barabarani na kuuza vile vijiua vyeupe vya kengele, na kila mtu humpa ampendaye kishada, kwa kumtakia heri. Lucette alinunua viwili. Kimoja alimchomeka mdogo wake kwenye tundu la kifungo cha koti, kingine akakilaza kikapuni. Walipofika uwanja wa chemchemi ya farasi walichungulia bustani ya makumbusho kupitia geti lililofungwa, sanamu zimesimama zenyewe kwenye nyasi, na Lucette akasema leo hata hao watu wa shaba wamepewa likizo.

Sababu ya furaha yote ile ilikuwa chupa moja ya jibini.

Mwanawe Marinette, Aubin, mtoto wake wa pekee, aliishi upande wa pili wa jiji, juu ya kilima cha Saint-Just, na mkewe Clothilde na binti yao Zélie wa miaka sita. Tangu Zélie alipozaliwa, Marinette alikuwa akiingia nyumba ile kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme: anakaribishwa kwa adabu, anashukuriwa, anasindikizwa mlangoni. Kosa lilikuwa lake na hakulikana. Mtoto akiwa bado mchanga, Clothilde alikuwa amekataza asionjeshwe asali, kwa kuwa daktari alisema asali ni hatari kwa kichanga. Marinette, ambaye alimlea Aubin kwa asali na Aubin akakua akawa jitu la mtu, alichovya kidole akamlambisha mjukuu wake. Clothilde alikuwa amesimama mlangoni, akaona. Hakupiga kelele. Lakini toka siku hiyo Marinette hakuwahi kuachwa peke yake na mtoto yule hata kwa muda wa kuchemsha yai.

Mwingine angenuna. Yeye alipika. Alipeleka supu, alipeleka mikate ya siagi, alipeleka samaki wa kusaga aliyemchemshia mchuzi wake nusu siku, na kila mara aliambiwa asante, ilikuwa tamu. Ila hakuwahi kumwona mtu akiweka kijiko chake mdomoni. Jana yake mambo yalibadilika. Jana jioni alipeleka chupa ya ile jibini laini iliyopigwa na majani, siki na mafuta, ambayo watu wa Lyon wanaiita ubongo wa mfumaji, na Clothilde aliipokea akasema kesho wazazi wake wanakuja kula mchana, ataiweka mezani mwanzo kabisa, pamoja na mkate. Mezani, mbele ya wazazi wake. Marinette alirudi nyumbani kwa miguu, akavuka mto akapanda mlima wake bila kukumbuka kuwa kuna basi.

Hayo alimsimulia Lucette njia nzima kando ya mto Rhône, na alikuwa bado anayasimulia walipoingia bustani kubwa ya Tête d'Or. Mawaridi yalikuwa bado vitumba. Watu walikuwa wametanda kwenye nyasi kuzunguka ziwa, watoto wanalishia bata mkate ambao bata hawautaki tena, na jua lilikuwa lile jua la mwanzo wa Mei linalomdanganya mtu avue koti kisha apigwe na baridi. Walitandika kitambaa chini ya mti. Lucette akatoa mkate, soseji kavu, andazi la lozi nyekundu zilizokaangwa kwa sukari, na chupa ya divai. Marinette akatoa chupa ya pili ya jibini, ndugu wa ile ya jana, na kifurushi cha majani yaliyobaki, ameyafunga kwenye kitambaa kibichi ili dada yake aende nayo Roanne.

Majani yenyewe ni ya kitunguu saumu cha porini, wanachokiita saumu ya dubu. Huota msituni nje ya jiji majira hayo, na Marinette amekuwa akiyachuma tangu ujana wake. Kuna hatari moja tu, na kila mchumaji anaijua. Majani ya vile vijiua vyeupe vya Mei Mosi yanafanana nayo, yanaota jirani nayo, na ni sumu ya moyo. Katika nchi ile mtoto anafundishwa asinywe hata maji ya glasi yaliyosimamisha maua hayo. Kwa hiyo mchumaji husugua kila jani kwa vidole na kunusa. Likinuka saumu, litie kikapuni.

Lucette alipaka jibini kwenye mkate, akauma, akasema imekolea. Kisha akachukua kile kishada cha maua kilichokuwa kinanyauka kikapuni, akafungua kifurushi cha majani ili akiingize humo kipate ubaridi. Hapo akanyamaza. Lucette kunyamaza si jambo dogo.

"Mdogo wangu," alisema, "saumu yako imezaa mapacha."

Marinette akamwambia aache mzaha, ale.

"Sifanyi mzaha. Saumu ya dubu kila jani hutoka ardhini na kikonyo chake. Haya mawili yako kwenye shina moja. Kama haya." Akainua kishada cha maua.

Marinette akayapokea. Akayasugua, akanusa, na moyo ukamrudi mahali pake. Yalinuka saumu, akamwambia dada yake, nusa mwenyewe.

"Nusa vidole vyako kwanza," Lucette akasema.

Akanusa vidole. Vilinuka saumu. Vilinuka tangu jana, tangu jani la kwanza alilolisugua kule msituni, na kila jani lililofuata lilipita katika vidole vilevile na kutoka na harufu ileile, hata kama lingekuwa jani la mgomba. Lucette alikuwa ameshatema mkate kwenye kitambaa. Alichukua moja ya yale mapacha, akalifuta kwa leso aliyoilowesha kwa divai, akalikunja mbele ya pua yake mwenyewe mpaka likavunjika. Akatikisa kichwa. Harufu yake ilikuwa ya nyasi tu.

Wakamwaga kifurushi chote kwenye kitambaa, wakachambua jani moja moja. Yale mapacha yalikuwa mengi. Kikapu cha jana kilikuwa kikapu kimoja, na chupa zote mbili zilitoka humo. Kengele za kanisa moja ng'ambo ya mto zikaanza kupiga za adhuhuri, na Marinette akaona wazi kama anatazama kwa macho: meza ya Clothilde, kitambaa cheupe, mkate umekatwa, na Zélie, ambaye hupewa kila kitu wa kwanza, anafungua mdomo.

Alimpigia Aubin. Ikaita hadi mwisho, ikaja ile sauti yake ya uchangamfu inayosema acha ujumbe. Akapiga tena. Akapiga tena. Namba ya Clothilde hakuwa nayo. Aubin aliwahi kumwambia nipigie mimi tu, Mama, ni rahisi zaidi, naye alielewa na hakuomba. Lucette akamnyang'anya simu, akapiga namba ya dharura, akamrudishia. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti tulivu ya mtu aliyezoea vilio. Aliuliza nani amekula, kiasi gani, kuna anayetapika, kuna anayelalamika moyo. Marinette alijibu hajui, hajui, hajui. Yule mwanamke akasema watajaribu nao kupiga namba ya Aubin, akaandika anwani, kisha akauliza kama awatume watu wa zimamoto, ambao katika nchi ile ndio huwahi wagonjwa, wakagonge mlango.

Hapo ndipo Marinette alipofanya jambo ambalo atalijutia hadi anaingia kaburini. Kichwani aliwaona wale wazimamoto wakiingia na mabuti yao kwenye sebule ya Clothilde, mbele ya baba na mama yake, kuuliza ni nani kati yenu amekula sumu ya mama mkwe. Na kama chupa ile ilikuwa salama? Kama yale mapacha yote yalikuwa yamebaki kwenye kifurushi? Angekuwa ametuma king'ora nyumba ambayo bado wanamkumbuka kwa tone la asali. Asingeikanyaga tena. Zélie angekua akimsikia kwa jina tu.

"Hapana," alisema. "Niko karibu. Nafika sasa hivi."

Hakuwa karibu hata kidogo. Lucette alimtazama kwa jicho ambalo hajawahi kumtazama nalo tangu utotoni, lakini Marinette alikuwa ameshainuka, amekwishaacha koti, na anakimbia.

Mwanamke wa umri wake akikimbia, watu hupisha njia kisha hugeuka kumtazama aliyemwibia. Alitoka getini akatafuta teksi na hakuona hata moja. Alipiga namba yao, akachezewa muziki. Akavuka daraja la Rhône, upepo unampiga ubavuni, mkono umeshika simu, simu inaita, sauti ya Aubin inasema acha ujumbe. Akaacha ujumbe. Alisema msile jibini, mwanangu, msile, mpokonyeni Zélie kijiko mkononi. Aliurudia hadi mashine ikamkatia.

Jiji lile alilolipitia asubuhi kwa madaha lilikuwa limegeuka ukuta. Alipita mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi, umefungwa minyororo. Alipita kituo cha mabasi, watalii wawili wamekaa wanasubiri basi ambalo halitakuja hadi kesho. Alipokaribia katikati akasikia ngoma, akajua kabla hajaona: maandamano ya wafanyakazi yamejaa barabara nzima, bendera nyekundu, vipaza sauti, moshi wa soseji zinazochomwa kwenye vikokoteni. Akajitosa. Akasukuma kwa viwiko. Mzee mmoja mwenye kofia alimzuia kwa upole, akampongeza kwa Mei Mosi na akataka kumchomeka kishada cha maua kwenye blauzi, maua yaleyale, kengele zake nyeupe zikicheza karibu na kidevu chake. Marinette alikipiga kwa kofi kikaruka. Yule mzee akabaki na mkono hewani. Alitaka kumwambia samahani, baba, si wewe, lakini pumzi ya kusema hakuwa nayo.

Akavuka mto wa pili, Saône. Ng'ambo kuna kitreni cha kamba kinachopandisha watu hadi Saint-Just, na kichwani alikuwa amekwishakaa kwenye kiti chake, amekwishafika. Kilikuwa kimefungwa, bila shaka, kama kila kitu. Alishika vyuma vya geti lake akavitikisa kama mwendawazimu, kisha akazitazama ngazi. Wenyeji wa kilima kile hawazipandi ngazi zile bila sababu. Zinaenda juu kati ya kuta za mawe, zinakata kona, unadhani zimekwisha, zinaanza upya.

Alipanda. Katikati ya ngazi miguu ilimgomea, akakaa, akashikilia ukuta, na hapo ndipo aibu yake yote ilimjia ikiwa uchi. Wazimamoto wangekuwa wamefika. Wangekuwa wamefika zamani, na mabuti yao na king'ora chao, na Clothilde angemchukia akitaka, na mtoto angekuwa hai, naye amchukie akitaka. Ameuza nini ili apate nini? Akapiga namba ya dharura, akamwambia aliyepokea awatume, awatume sasa, alidanganya, hayuko karibu, yeye ni mpumbavu wa kike. Akaambiwa wanakuja. Akainuka akapanda kwa kujivuta kwenye bomba la ukutani, analia kwa sauti na hajali nani anasikia.

Clothilde ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amevaa gauni la samawati na ametengeneza nywele, na nyuma yake, kupitia mlango wa sebule, meza ilionekana: baba yake na leso shingoni, mama yake ameshika glasi, na Zélie amepiga magoti juu ya kiti, anachora kwenye kitambaa cha karatasi kwa uma. Ana rangi mashavuni. Anaimba.

"Jibini," Marinette alisema. "Mmekula jibini?"

Clothilde aliangalia nywele zile, blauzi iliyolowa jasho, mguu mmoja usio na kiatu. Hata Marinette hakujua ni wapi alikokiacha. Akamshika mkono, akamwingiza jikoni, akafunga mlango.

"Hakuna aliyekula," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna nini, Mama Aubin?"

"Mtoto?"

"Nimekwambia hakuna."

Marinette akamweleza, maneno yanagongana. Majani. Vidole. Sumu. Akauliza chupa iko wapi, akaimwage yeye mwenyewe kwa mkono wake. Shingo ya Clothilde ilikuwa imeiva wekundu, na macho yake yalikuwa kwenye pipa la taka kando ya sinki.

"Niliitupa," akasema mwishowe. "Jana. Ulipogeuza mgongo tu."

Marinette alilitazama pipa.

"Huwa natupa vyote unavyoleta. Tangu ile asali. Najua si vizuri. Nimejaribu, najiambia mama wa watu anahangaika, halafu namwona mtoto na kijiko, nashindwa. Nisamehe."

Wanawake wengi wangepigwa na neno lile wakaanguka. Marinette alipiga magoti kweli, lakini ni kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha kazi. Aliishika mikono ya Clothilde akaibusu, huu na huu, akasema asante, umefanya vizuri, mwanangu, umefanya vizuri sana, Mungu akuzidishie. Supu ya miaka yote ile, mikate, samaki wa kusaga, vyote pipani, na yeye alikuwa anashukuru. Alijua kuwa maumivu yatakuja. Aliyahisi yamekaa nje mlangoni yakisubiri zamu yao. Yasubiri. Mtoto alikuwa anaimba upande wa pili wa ukuta.

Clothilde naye alikuwa analia sasa, kwa haya au kwa hofu iliyochelewa. Alimwinua mama mkwe wake, akamketisha, akampa maji. Marinette alikunywa yote. Kisha akauliza mbona Aubin hapokei simu.

"Amelala," Clothilde alisema. "Simu ameizima. Toka alfajiri anatapika. Nilidhani ni divai, walikunywa jana na wenzake kazini. Sasa analalamika kichwa, anasema kila akitazama taa anaona duara la njano..."

Walitazamana. Marinette aliweka glasi chini, akaenda kwenye pipa, akafungua. Maganda ya viazi, mabaki ya asparaga, karatasi ya nyama. Alitia mkono hadi chini kabisa.

"Niliiweka humo," Clothilde akasema. "Ikiwa na kifuniko chake. Kwa mkono wangu."

Chumba cha kulala kilikuwa kimefungwa mapazia. Aubin, lile jitu, alikuwa amejikunja upande mmoja, ndoo karibu na kichwa, uso umepauka na umelowa. Marinette akapanda kitandani na uchafu wake wote, akamshika kifundo cha mkono. Mpigo wa moyo ulikuja. Akasubiri. Akasubiri sana kabla haujaja mwingine.

"Mama," Aubin alisema, kama mtu anayefurahi lakini amechoka. "Umekuja kula?"

"Chupa yangu, Aubin. Umeila?"

Alitaka kutabasamu. Akamwona mkewe mlangoni, tabasamu likamfia.

"Huwa naziokota pipani," alisema. "Clothilde akishalala. Usimkasirikie, Mama, yeye anaogopa tu. Mimi naokota, nakula zangu jikoni, naosha vyombo. Kila mara. Hujawahi kupika kitu nikakiacha."

Clothilde alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Kule sebuleni mama yake alikuwa anauliza kama alete kahawa. King'ora kikasikika kinapanda kilima, kwanza kwa mbali, kisha chini ya dirisha, na Zélie akakimbilia barazani kukitazama.

Walikuwa watatu, wepesi na wapole. Walimlaza chali, wakambandika nyaya kifuani, wakatazama kimashine chao na hawakutazamana. Mkubwa wao, mwanamume mwenye mvi za mapema, aliongea na hospitali kwa simu iliyobanwa begani, akamgeukia Clothilde. Daktari alihitaji kujua jambo moja kabla ya yote. Amekula kiasi gani?

Clothilde alisema hajui, hakumwona. Akasema pengine ni kidogo. Pengine kijiko kimoja, viwili, mtu hali jibini nyingi peke yake usiku. Alikuwa anamtazama yule mtu kana kwamba akikubali yeye itakuwa hivyo.

"Mama," Aubin akasema, macho yamefumba. Alikuwa anatafuta mkono wake juu ya shuka, na Marinette akampa. Vidole vyake vilikuwa bado vinanuka saumu. "Ilikuwa nzuri kuliko zote. Niliimaliza. Nikachukua mkate nikapangusa chupa."

Katika jiji lile hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Mpishi akiona sahani imepanguswa kwa mkate hahitaji kuambiwa lingine, na Marinette alikuwa ameisubiri miaka yote ile, mlangoni, na vyombo mikononi. Yule mkubwa wa zimamoto alikuwa bado anasubiri jibu, simu begani.

"Yote," Marinette alimwambia. "Mwambie daktari amekula yote."

Mtu yule akageuka akalisema neno hilo kwenye simu. Kisha akawaambia wenzake wafanye haraka.